Mchezo umenishinda: niupe alama ngapi?

SWALI: Habari za kazi, ndugu mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari hapa Uyole, Mbeya, umri umeshavuka hamsini. Nimeombwa kuwa mmoja wa majaji wawili wa mashindano ya wanafunzi ya kutengeneza programu kwa saa 48, mada ni “Kabla ya mvua”. Timu moja imeleta mchezo wa kulinganisha: mazao ya sokoni yamepangwa kwenye ubao, unabadilishana mawili yaliyo jirani, yakikutana matatu ya aina moja yanaingia kwenye tenga, na muda wote huo wingu la mvua linashuka kutoka juu. Jaji mwenzangu, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, ameupa 9 kati ya 10. Mimi nimeupa 4, maana hatua ya tatu sijawahi kuivuka, na nimejaribu mpaka jasho likanitoka. Fomu ina nafasi ya namba moja tu, na mratibu anataka tuchukue wastani tumalize. Je, ni uzee wangu tu? Nimeambatanisha faili lao. Mwenzangu alichezea kwenye kompyuta ya shule, mimi kwenye simu mpya niliyonunuliwa na wanangu.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Usikubali huo wastani. Nitakueleza sababu, na hilo la uzee nalo nitalifikia, lakini kabla hujaendelea kusoma nakuomba ufanye jambo moja dogo. Laza simu yako mezani ubavuni mwa kompyuta ya shule, fungua mchezo kwenye vyote viwili, bonyeza “Anza” kwa pamoja, kisha kunja mikono. Usiguse kitu. Hesabu sekunde mpaka wingu lifike chini.

Mimi nimefanya hivyo jana usiku. Kwenye kompyuta yangu wingu lilitumia sekunde 16. Kwenye simu ya binti yangu, ambayo ni ya juzi juzi kama yako, lilitumia sekunde 8. Nikarudia nikidhani nimebonyeza vibaya. Nane tena.

Yaani wewe na mwenzako hamkupishana kuhusu mchezo mmoja. Mmecheza michezo miwili. Wa kwako una kasi maradufu ya wa kwake, na wala hakuna kati yenu aliyeambiwa. Sasa mratibu anataka ajumlishe 9 na 4, agawe kwa mbili, aandike 6.5. Ni sawa na kupima joto la Kyela bondeni mchana na la Uporoto milimani alfajiri, ukachukua wastani, halafu ukamshauri mtu avae nini.

Sababu yake nimeikuta ndani ya msimbo wao, yaani maagizo waliyoiandikia kompyuta. (Vijana wenyewe husema “tunaandika kodi”, na kila nikisikia hivyo mimi nawaza TRA, watoza kodi wa serikali.) Kuna mstari mmoja ambao kwa lugha ya kawaida unasema: kila skrini inapochorwa upya, shusha wingu nusu pikseli (pikseli ni nukta moja ndogo ya skrini). Ubao una mistari minane, kila kete, yaani zao moja ubaoni, ina urefu wa pikseli 60, jumla pikseli 480. Skrini ya kawaida ya kompyuta huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo wingu linashuka pikseli 30 kila sekunde, na 480 gawanya kwa 30 unapata 16. Simu nyingi za siku hizi huchora mara 90 au 120. Nusu pikseli mara 120 ni pikseli 60 kwa sekunde, na mvua inanyesha kwenye sekunde ya nane. Ukiichukua ile mpakato chovu ya maabara inayohema ikifika mara 30, wingu litajikongoja sekunde 32 na mchezo utakuwa wa kusinzia. Kumbe mwendo wa wingu unaamuliwa na bei ya kifaa.

Dawa yake ni fupi kuliko maelezo yangu. Badala ya kuhesabu michoro, programu iangalie saa: muda gani umepita tangu mchoro uliotangulia, zidisha kwa mwendo unaoutaka, ndipo usogeze wingu. Mstari mmoja unabadilika. Kila anayetengeneza michezo amewahi kulifanya kosa hili, na karibu wote tuligundua baada ya mtu mwingine kuucheza kwenye kifaa ambacho sisi hatuna.

Nami limewahi kuniumbua nikiwa upande wako wa meza. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa jaji, nikaucheza mchezo wa kijana mmoja kwenye kompyuta yangu ya zamani iliyokuwa imefungua mafaili mengine ishirini, nikaandika kwenye fomu kwamba mchezo “umepoa”. Baada ya matokeo kutangazwa kijana akanifuata, akanisalimia kwa adabu zote, akatoa simu mfukoni akanionyesha. Mchezo ulikuwa unaruka kama panzi. Sikuwa na la kusema, na alama zilishabandikwa ukutani. Tangu siku hiyo sihukumu mchezo wa kasi kabla ya kuucheza kwenye vifaa viwili: kichovu kuliko vyote ninavyoweza kukiazima, na kipya kuliko vyote.

Haya, tuje kwenye hatua yako ya tatu, maana huko kuna jambo zaidi ya simu.

Wewe ni mtu wa hesabu, tuhesabu. Katika hatua ya tatu vijana wameongeza mwendo wa wingu kutoka nusu pikseli hadi 0.8 kwa kila mchoro. Kila ukipata utatu mmoja, wingu linarudi juu pikseli 120. Kwenye kompyuta ya shule wingu linashuka pikseli 48 kwa sekunde, kwa hiyo mchezaji anahitaji utatu mmoja kila sekunde 2.5 ili wingu lisimsogelee. Kwenye simu yako linashuka 96, na wewe ulihitaji utatu mmoja kila sekunde 1.25. Sasa ongeza hili: kila utatu unapotoweka, kete za juu zinaporomoka kujaza nafasi, na kwa muda wa sekunde 0.6 mchezo haupokei kidole chako. Nimegusa, nimebonyeza, hakuna. Lakini wingu halisubiri, linaendelea kushuka. Muda huo wa 0.6 umefungwa kwa saa, haukufungwa kwa michoro, kwa hiyo ni uleule kwenye simu na kwenye kompyuta. Toa 0.6 kwenye 2.5, mwenzako alibaki na sekunde 1.9 za kuona, kuamua na kusogeza. Toa 0.6 kwenye 1.25, wewe ulibaki na sekunde 0.65. Binadamu akiona taa tu ikiwaka na kuambiwa abonyeze, inamchukua kama robo sekunde. Zimebaki 0.4 za kutafuta mazao matatu kati ya kete 64.

Huo si uzee, mwalimu. Hata huyo kijana tungempa simu yako angelowa.

Na bado. Hatua ya tatu ndipo wanapoleta zao la saba, kabichi. Kabla ya hapo yako sita: parachichi, ndizi, nyanya, viazi, karoti, kitunguu. Inaonekana ni nyongeza ndogo, ila chukua kete tatu zozote zilizo mahali maalumu. Ya kwanza iwe yoyote. Uwezekano wa mbili zilizobaki kufanana nayo ni 1/6 mara 1/6, yaani 1/36. Aina zikiwa saba inakuwa 1/49. Hesabu hiyohiyo, kwa makadirio, ndiyo inayotawala utatu unaobakiza kusogezwa mara moja tu ili utimie, maana nao ni kete tatu mahali maalumu. Kwa hiyo kwa kuongeza kabichi wamepunguza nafasi za kucheza kwa zaidi kidogo ya robo, wakati uleule walipoongeza kasi kwa asilimia 60. Wamekaza kamba mbili kwa mkupuo mmoja, nina hakika bila kukusudia. Hili ni kosa la usanifu na lipo kwenye kila kifaa, hata kile cha mwenzako. Yeye alilivuka kwa vidole; hakuliona kwa sababu lilimpita chini ya miguu. Wewe ulijikwaa, ukaliona. Jaji anayeshindwa huona vitu ambavyo jaji anayeshinda havioni.

Ndiyo maana swali la “nitahukumuje mchezo ambao siuwezi” halinitishi. Kwenye vijiwe vya drafti pale Mwanjelwa, anayejua nani kacheza vizuri mara nyingi ni mzee aliyesimama nyuma na kikombe cha kahawa, ambaye hajashika kizibo mwaka mzima. Na ukitaka faraja ya kitaaluma, mwaka 2014 Toby Walsh, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Australia, alithibitisha kwamba Candy Crush, mchezo wa ukoo huuhuu, ukiutazama kwa ujumla wake uko kwenye kundi la matatizo magumu ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua yote. Kompyuta nazo zinatoka jasho.

Kwa hiyo usijipime kwa kufika. Mimi ninapohukumu mchezo wa kasi, jambo ninalolifuatilia kuliko yote ni hili: mtu akishindwa, anajua kwa nini? Akijua, atacheza tena. Akisema “aah, ile karoti niliiona, nikachelewa”, mchezo umemtendea haki hata kama umemtoa kwa sekunde kumi. Akisema “sasa hapa nimefanya nini?”, kuna kitu mchezo umekificha au umekiiba. Wewe ulipotoka hatua ya tatu ulisema nini? Swali lako lenyewe linanijibu: ulijilaumu umri, kwa sababu mchezo haukukupa kitu kingine cha kulaumu. Hiyo ndiyo dosari ya kuandika kwenye fomu.

Jana sikuridhika na vidole vyangu pekee. Asubuhi ya leo nilimpa simu kijana wa bajaji anayenipeleka kazini, tulipokuwa tumesimama Kabwe akisubiri abiria wa kujaza. Sikumwambia sheria. Alishindwa mara tatu harakaharaka, ya nne akacheka: “Kumbe ni hivi, mkuu. Mimi naangalia chini kwenye vitu, hili balaa linatoka juu.” Akaanza kutafuta utatu karibu na wingu kwanza. Ya tano akadumu. Angalia alivyojifunza: hakuambiwa na mtu, aliambiwa na mchezo. Kivuli cha wingu kinatia giza mistari ya juu kabla halijafika, na sauti ya ngurumo inakaribia kadiri linavyoshuka. Hiyo ni kazi ya maana sana kwa vijana wa saa 48, na nadhani ndiyo iliyomfurahisha mwenzako kiasi cha kuandika 9 bila kutafuta zaidi.

Kisha nikaingia kwa mama anayetuuzia chai na maandazi karibu na ofisi. Nikamwonyesha ubao umesimama, wingu halijaanza.

“Mama, nitafutie parachichi.”

Akakodoa, akasogeza simu mbali, akairudisha. “Mwanangu, hapa kijani ni nyingi. Hii ni parachichi au ndizi?”

Ilikuwa ndizi. Wameichora mbichi, ya mkungu, kijani kilekile cha parachichi, na kwenye kete ndogo ya simu zote mbili zimekuwa madoa marefu ya kijani. Kabichi ikiingia hatua ya tatu zinakuwa kijani tatu kati ya saba. Mtu ana sekunde mbili, nusu ya muda anaumaliza kuuliza kama hii ni ile. Hapo sijagusa wale ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani: kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ni karibu 1 kati ya 12, kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini ukiwa na ukumbi wa wavulana mia hakosekani, na kwake nyanya nayo inajiunga na kundi. Kwenye mchezo wa kulinganisha, kete zitofautiane kwa umbo kwanza, rangi iwe msaada. Jaribio lake ni rahisi: weka skrini ya simu iwe nyeusi na nyeupe, mpangilio huo upo kwenye simu nyingi, kisha cheza. Ukishindwa kuzitofautisha, michoro haijakamilika hata kama inapendeza.

Yako makosa mengine, nitayapitia kwa uzito unaostahili kila moja.

La ubao wa mwanzo ni la kuchekesha. Wanajaza kete 64 kwa kubahatisha bila kukagua. Ubao wa 8 kwa 8 una nafasi 48 za utatu wa mlalo na 48 za wima, jumla 96. Gawanya kwa 36: kwa wastani ubao unazaliwa na utatu karibu 2.67 ulioshakamilika. Kwa hiyo mchezo unaanza, vitu vinatoweka vyenyewe, na mchezaji anapewa alama ambazo hakuzitolea jasho. Mara moja nimefungua nikakuta nina alama 90 kabla sijainua kidole. Mkipanga washindi kwa alama za juu, hii ni dhuluma ndogo. Kama hampangi, ni aibu tu. Mwanafunzi wako wa kidato cha nne anaweza kuifanya hesabu hii darasani, na ningekuwa wewe ningeitumia.

La pembe ni zito zaidi. Mazao matano yakikaa kwa umbo la L, mlalo tatu na wima tatu zikichangia ile ya kona, mchezaji amefanya jambo la ustadi. Programu yao inakagua mistari ya mlalo, inaondoa tatu papo hapo, ndipo inakuja kwenye wima na kukuta ya kona haipo. Zilizobaki ni mbili, haziondoki. Aliyestahili alama 50 anapata 30, na mbele yake zimebaki karoti mbili zinamtazama. Dawa ni kutia alama kwanza kwenye kete zote zinazostahili kutoka, mlalo na wima, kisha kuondoa kwa pamoja. Hili ningewakata, kwa sababu linamwadhibu yule anayefikiri.

Kuhusu ubao kukwama, pale ambapo hakuna hatua yoyote inayozaa utatu, wamelifikiria, hongera kwao: programu inagundua na kuchanganya upya. Ila wanavyochanganya si sawa. Wanapita kila kete na kuibadilishia nafasi na yoyote ya ubaoni, ikiwemo yenyewe. Fikiria karata tatu tu: njia hiyo ina matokeo 3 × 3 × 3, yaani 27, na mipangilio ya karata tatu ni 6. 27 haigawanyiki kwa 6, kwa hiyo lazima kuna mipangilio inayopendelewa. Ukiorodhesha utaona mitatu inatoka mara 5 kati ya 27 na mitatu mara 4. Njia safi ya kuchanga karata ilichapishwa na Fisher na Yates mwaka 1938 kwa ajili ya kalamu na karatasi, na Durstenfeld akaiweka kwa kompyuta mwaka 1964. Hata hivyo, usiwakate hata nusu alama. Ni kosa la kitabuni. Mchezaji anayekimbia mvua hatalihisi. Waambie tu, watafurahi kujua.

Utaulizwa pia kuhusu ubunifu, na hapo nakuona unaweza kuingizwa mjini. Atatokea mtu aseme kulinganisha vitu vitatu si jambo jipya. Kweli si jipya. Mrusi Eugene Alemzhin alitoa Shariki mwaka 1994, Bejeweled ikaja 2001, Candy Crush Saga 2012, na kukimbizana na kitu kinachojaza ubao tunakujua tangu Tetris ya Alexey Pajitnov ya katikati ya miaka ya 1980. Hakuna anayeanza na shamba jipya. Unachouliza ni nini wamekiongeza, na je, kimefungwa na mada au kimebandikwa? Hapa wingu ndilo saa ya mchezo. Hakuna namba inayohesabu kurudi nyuma pembeni. Muda umekuwa mvua, mvua imekuwa ubao kupungua. Ukiondoa mada, mchezo unakufa. Timu nyingi hutengeneza mchezo kwanza halafu huchora matone ya mvua nyuma yake usiku wa mwisho. Hawa hawakufanya hivyo.

Sasa fomu. Namba moja haitoshi, na hamlazimiki kuifikia kwa kichwa. Ludum Dare, mashindano ya kutengeneza michezo yaliyoanza mwaka 2002, huwapa wapigakura nafasi ya kutenganisha raha, ubunifu, mada, michoro, sauti na mengine, kila kimoja na alama yake, ndipo kuna ya jumla. Sisi hatuhitaji vyote hivyo kwa timu za sekondari. Chukueni karatasi pembeni, mgawane ile kumi: raha 4, ufundi 3, mada 2, ubunifu 1. Kila mmoja ajaze peke yake kabla hamjafungua mdomo. Jaji wa pili akisikia namba ya wa kwanza, ya kwake huwa imeshavutwa. Mkishajaza, zungumzeni pale tu mlipopishana zaidi ya alama moja, na mazungumzo yenyewe yaanze kwa “ulichezea nini, na ulifika wapi”. Nyinyi wawili mngeanza hivyo, usingenihitaji.

Kifaa kiwe kimoja kwa timu zote. Kompyuta ile ya shule inatosha, na kama mchezo ni wa kidole tafuteni simu moja. Mkishaamua kifaa, kosa la wingu linabaki kuwa kosa la ufundi, linakatwa mara moja kwenye zile tatu. Halipaswi kula na alama za raha pia. Wewe ulilikata mara mbili bila kujua. Na chezeni mapema mchana, baada ya chai. Sisemi utani: asubuhi ya Juni huku kwetu vidole havijaamka, na timu ya kwanza kwenye orodha isiumizwe na baridi ya Uyole.

Kabla ya kusaini, waiteni vijana dakika kumi. Msiwaulize “mmeandika wenyewe?”, kila mtu atasema ndiyo, na siku hizi kuna programu za akili bandia zinazoandika mchezo mzima kwa maelezo ya sentensi mbili. Waambieni wabadilishe kitu mbele yenu. Kwa mfano: “Tunataka wingu lisimame wakati kete zinaporomoka.” Hilo ni badiliko dogo, na linaponya ule wizi wa sekunde 0.6. Aliyeandika atakwenda moja kwa moja kwenye mstari unaohusika, hata kama atakosea mara mbili kabla ya kupatia. Asiyeandika atatembeza ukurasa juu na chini kama mtu anayetafuta nyumba ya ugenini usiku.

Umeniuliza alama ngapi, na nisingependa kukukwepa. Kwa kasi ya kompyuta ya shule, raha ningewapa 3 kati ya 4. Moja inaondoka kwa ukuta wa hatua ya tatu na zile kijani zinazofanana. Ufundi 1 kati ya 3, kwa sababu ya wingu, kufungwa kwa kidole, na umbo la L. Mada 2 kati ya 2, bila kusita. Ubunifu 1. Jumla 7. Iko karibu na ile 6.5 ya mratibu, najua, lakini ile haikuwa na sababu ndani yake na vijana wasingejifunza kitu. Hii wanaweza kuisoma mstari kwa mstari, na warekebishe Jumatatu.

Na kuhusu zile ndizi: waombe wazipake manjano. Watakataa, watakwambia ndizi za Tukuyu hupakiwa mbichi, na watakuwa wamesema kweli. Basi ndizi ibaki kijani, parachichi lichorwe limekatwa nusu, kokwa lionekane. Kabichi waitoe kabisa.